Uyoga wa njano umeota kwenye tangi la vyura wetu. Tuuache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Essen, Ujerumani. Mwaka jana mwanangu wa miaka minane alipewa zawadi ya vyura watatu wa njano na nyeusi, Dendrobates leucomelas, waliototolewa kwa mfugaji. Tumewaweka kwenye tangi la kioo la sentimita 60 kwa 45, kimo 60, lenye mimea, udongo na gogo moja. Wiki iliyopita, kando ya gogo, umechomoza uyoga wa njano kama kiini cha yai. Mwanangu anashangilia, mimi nina hofu. Je, ni sumu kwa vyura? Na kama si hatari, tunaweza kuongeza mwingine uwe pambo? Msituni jirani na kwetu kuna uyoga mgumu ulioota ubavuni mwa magogo, na dukani wanauza maboksi ya kuotesha mamama, ule uyoga wa kula, wa rangi ya waridi. Tena mtoto anataka uyoga unaong'aa gizani. Picha nimeambatisha.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na la haraka ili usiku huu mlale. Huo uyoga wa njano uacheni hapo hapo, wala msiwahamishe vyura. Boksi la mamama lisiingie kwenye tangi. Uyoga mgumu unawezekana kwa masharti, lakini usiutoe kwenye msitu wa jirani yenu. Unaong'aa, mtoto aupate, ila nje ya tangi. Sababu ni ndefu kidogo, na ningependa uzijue, kwa sababu kesho kitaota kitu kingine ambacho sikukitaja na utabidi uamue mwenyewe.

Kofia yenye vigamba vidogo juu, kingo zilizokunjwa kama sketi ya malinda, shina jembamba lenye pete, na njano ile kuanzia kichwani hadi mguuni: karibu nina hakika ni Leucocoprinus birnbaumii. Ni uyoga wa nchi za joto. Huko Ulaya haustahimili baridi ya nje, kwa hiyo huishi kwenye vyungu vya sebuleni na kwenye nyumba za kioo za kuoteshea mimea. Hata jina lake la kitaalamu, lililotolewa mwaka 1839, lilitokana na uyoga uliookotwa katika nyumba ya kioo mjini Prague, katikati ya mananasi. Kwenu umeingia na udongo wa mmea mlionunua, pengine miezi kadhaa kabla hamjauona. Mimea yenu hauigusi. Chakula chake ni vilivyokwisha kufa: vipande vya gome, majani makavu, mizizi iliyooza.

Sumu unayo, kwa mtu anayeula. Utavuruga tumbo, na mtoto wa miaka minane ni mkubwa wa kutosha kuelezwa hivyo waziwazi: tunautazama, hatuuonji, na tukigusa chochote cha tangini tunanawa mikono kabla na baada. Kabla kwa ajili ya vyura, maana sabuni na mafuta ya mikononi hupita kwenye ngozi yao. Baada kwa ajili yetu.

Kwa vyura hali ni tofauti. Chura mzima huwinda kinachotembea. Inzi wa tunda akisimama kimya mbele yake, anaweza kumpita; akipiga hatua moja, ulimi umeshatoka. Uyoga hautembei, kwa hiyo kwake si chakula, ni kama jiwe au jani. Hofu ya pili, ambayo nadhani ndiyo iliyokukosesha usingizi, ni kwamba chura hunywa kwa ngozi ya tumboni, basi akikaa juu ya kofia ya uyoga si atafyonza sumu? Hilo ni swali la mtu anayewajua wanyama wake. Kwa miaka yote niliyofuga na kushauri wafugaji sijamwona chura aliyedhurika kwa kukaa juu ya uyoga huu, na nimewaona wengi wakiukalia. Ukikomaa huvuta vijinzi vyeusi vya udongoni na kolembola, wale wadudu weupe wadogo sana wanaoruka ukifukua majani. Vyura wanalijua hilo. Hukaa chini ya kofia kama watoto wanaosubiri kumbikumbi chini ya taa.

Baada ya siku tatu au nne utanywea na kuanza kuteleza. Ung'oe kwa kibano kabla haujawa uji, hasa kama imeota mingi pamoja, kwa sababu rundo la uyoga uliooza huchafua maji ya chini na kuzalisha vijinzi kupita ambavyo vyura watatu wanaweza kula. Mmoja mmoja ukiusahau, haidhuru. Kolembola wataumaliza.

Sasa neno «pambo». Hapo nina maoni yangu na sitayaficha. Uyoga mnaouona ni tunda tu. Mwili wenyewe ni ule utandu mweupe, mwembamba kama uzi wa buibui, uliojipenyeza ndani ya gogo na chini ya majani; umekuwepo tangu mwanzo na utakuwepo baada ya uyoga kuanguka. Kwa hiyo kung'oa uyoga mahali fulani na kuuchomeka tangini ni sawa na kuning'iniza embe kwenye mwarobaini. Litapendeza siku moja, kisha litaoza. Mnachoweza kufanya ni kuutunza utandu, halafu mkakubali kupokea utakachowapa na siku utakayotaka.

Huku kwetu Morogoro mvua za masika zikikolea, uyoga wa vichuguu hutoka kwa wingi na kila mtu huwahi asubuhi na kikapu. Hakuna mkulima anayeuotesha bandani kama anavyootesha mamama. Uyoga ule ni shamba la mchwa. Wao ndio huulisha utandu kwa mimea waliyoitafuna, ndani kabisa ya kichuguu. Bila mchwa hakuna uyoga. Nikitazama tangi lililokomaa naona jambo la namna hiyo hiyo kwa udogo wake, na ndiyo maana napenda zaidi kumfundisha mfugaji kuandaa uozo mzuri kuliko kumuuzia pambo.

Uozo mzuri hautaki mengi. Mbao ngumu zisizo na utomvu, kama mwaloni, au gome la koki. Misonobari na jamaa zake achana nayo. Majani makavu ya mwaloni tabaka la sentimita tatu hadi tano, mkiongeza mapya kila yanapolika. Udongo wenye vipande vya gome na mkaa, usio na mbolea wala dawa ya aina yoyote, kwa sababu dawa za kuua ukungu zenye shaba zinazouzwa kwa ajili ya mimea ni sumu kwa chura. Unyevu wa juu lakini si matope. Hewa inayopita: tundu la wavu juu na jingine chini mbele. Na kolembola wengi, pamoja na isopodi, wale wadudu wenye magamba wanaojikunja chini ya mawe. Hao hula uchafu, ukungu na mabaki, na chura naye hula wao.

Kuna jambo linalowaudhi wanaotaka uyoga mwingi. Kolembola hula utandu pia. Tangi lenye kolembola wengi hutoa uyoga mchache. Ukiniuliza nichague, nitachagua kolembola bila kufikiri mara mbili. Vyura wenu wanaishi kwa wadudu, hawaishi kwa mandhari. Tena kuna njia ya kumpa chura faida ya uyoga: weka kolembola kwenye kopo la mkaa na maji kidogo, uwape kipande chembamba cha uyoga wa jikoni au chembe za hamira, na baada ya wiki chache utakuwa na chakula cha vyura kinachojizalisha chenyewe. Mwanao anaweza kuusimamia mradi huo peke yake.

Tangi likifikisha mwaka, mtaanza kuona wageni wengine. Vikofia vya kijivu vinavyochomoza alfajiri na kuyeyuka jioni. Vikombe vidogo kwenye ubao mbichi. Xylaria, vidole vyeusi vyenye ncha nyeupe vinavyotoka kwenye gome na kukaa hata miezi. Hivyo mimi ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, maana haviozi haraka. Mnaweza pia kuamka mkakuta kitu cha njano kama mayai yaliyovurugwa kimetambaa juu ya kioo. Hicho wala si uyoga, ni kiumbe cha ukoo mwingine kabisa kinachotembea polepole kikila bakteria. Mwacheni mtoto akipige picha kila saa, aone kilivyosogea, kisha mkifute kikiwaziba kioo. Na mkiweka gogo jipya, kwa wiki tatu hadi sita huota manyoya meupe. Watu wengi huingiwa na hofu hapo na kulitoa gogo walisugue kwa sabuni. Usifanye hivyo. Ni ukungu unaokula sukari za mwanzo kwenye mbao, na ukishazimaliza unatoweka.

Boksi la mamama wa waridi. Najua linavutia, na uyoga wenyewe ni chakula kizuri. Lakini umetengenezwa kwa kazi nyingine. Kwanza, kile kilichomo ndani, ambacho uyoga huota juu yake. Wakulima wengi hulainisha na kusafisha mabua au pumba kwa chokaa, na wengine huchanganya virutubisho. Kwa ngozi ya chura chokaa huunguza. Pili, utandu wa mamama una nguvu nyingi na hupumua sana. Ndani ya chombo kilichofungwa hujaza hewa chafu ya kaboni, ambayo ni nzito na hutulia chini, pale pale vyura wanapokaa. Tatu, spora, zile chembe ndogo ambazo uyoga huzaana kwazo. Mamama akikomaa humwaga spora kama unga, na wanaofanya kazi ndani ya mabanda ya uyoga bila barakoa wanaweza kupata maradhi ya mapafu. Mfikirie mnyama wa sentimita tatu na nusu anayepumua kwa mapafu na kwa ngozi kwa pamoja. Nunueni boksi, liwekeni jikoni, mpike. Mtakapomaliza mavuno, na kama maandishi ya boksi yanaonyesha halikuwekwa chokaa wala dawa, kipande cha mabua kilichobaki ni chakula kizuri cha isopodi ndani ya kopo lao la pembeni.

Uyoga wa plastiki au wa udongo wa kuchoma? Sipendi sura yake, lakini ukiwa umechomwa vizuri na rangi yake ni ile inayokubalika kwenye matangi ya samaki, hauna neno. Usio na maelezo ya rangi, usiuweke.

Nije kwenye msitu. Dada, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, maana wewe unauogopa uyoga wa njano unaoonekana kutoka mlangoni, na hofu yako ingefaa kuelekezwa kwenye kuvu ambayo huwezi kuiona kwa macho.

Mwaka 1999 wanasayansi waliipa jina kuvu iliyokuwa ikiua vyura katika bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington. Vyura waliokufa walikuwa wa buluu, wa jenasi ile ile ya Dendrobates, ndugu wa hao walioko sebuleni kwenu. Jina lake ni Batrachochytrium dendrobatidis. Wafugaji huiita kitridi. Haina kofia wala shina. Spora zake huogelea majini kwa mkia, hujichimbia kwenye ngozi ya chura, na kuvuruga kazi ya ngozi ya kupitisha chumvi. Chumvi za damu zikishuka, moyo husimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu spishi 501 za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, zilizopungua kwa sababu ya kuvu za jamii hii, na 90 kati yake zikadhaniwa kutoweka kabisa.

Sisi Tanzania tuna kidonda chetu. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, Udzungwa, akiishi katika hekta chache tu zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye umeme, rasharasha zikakatika, na mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York. Waliobaki walifungiwa mabomba ya kunyunyiza maji, na hadi katikati ya mwaka 2003 walikuwa wameongezeka kufikia takriban 20,000. Kisha, katika miezi michache, wakaisha. Januari 2004 walionekana watatu tu. Kitridi ilikutwa kwenye mizoga, ingawa wapo wanaoona pia mkono wa tope na dawa za mashambani zilizoshuka bwawa lilipofunguliwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyepo leo ni uzao wa wale waliosafiri: 100 walirudi mwaka 2010 kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Nilipomwona wa kwanza nyuma ya kioo, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, wa rangi ya haradali, nilishindwa kusema kitu. Mnyama huyo yu hai kwa sababu watu walijua kumtunza ndani ya tangi.

Wewe unaishi Essen, na msitu wako una habari yake. Kuvu ya pili ya ukoo huo, Batrachochytrium salamandrivorans, ilitambuliwa mwaka 2013 nchini Uholanzi, katika msitu mmoja ambamo salamanda wenye madoa ya njano, jamaa za vyura wenye mkia na umbo kama la mjusi, walikuwa wamepungua kwa asilimia 96 ndani ya miaka mitatu hivi. Muda si mrefu ikaonekana Ubelgiji na Ujerumani, kwenye milima ya Eifel, kisha katika eneo la Ruhr. Essen ni miongoni mwa miji iliyoumizwa zaidi. Wenyeji wenu wanaiita Salamanderpest, tauni ya salamanda. Mwonyeshe mwanao picha ya salamanda huyo: mweusi mwenye mabaka ya njano, kama vyura wake kwa rangi. Watafiti wanaona kuvu hiyo ilitoka Asia na kufika Ulaya pamoja na amfibia waliouzwa kwa ajili ya kufugwa nyumbani. Yaani ililetwa na sisi, watu wa matangi ya kioo.

Salamanda hao hujificha chini ya magogo yale yale yenye uyoga mgumu, na kuvu yao hustahimili siku nyingi kwenye maji na udongo wenye unyevu. Ukilivuta gogo moja, umeondoa nyumba, umekanyaga udongo wenye spora, na jioni viatu vyako vimefika kwenye kijito kingine. Ukilichoma gogo hilo kwenye oveni, joto lingewalinda vyura wako. Halitawalinda salamanda wa msituni. Ndiyo sababu nimesema hapana, mbali na kwamba kwenye hifadhi za asili huko Ujerumani hairuhusiwi kuondoa chochote. Nendeni mkatembee, mtazame, mpige picha. Mkirudi, sugueni matope yote kwenye soli na mwache viatu vikauke kabisa kabla ya matembezi mengine, ukavu huziua.

Kosa hili nalijua kwa kulitenda. Mwaka wangu wa tatu wa kufuga nilileta gogo zuri sana kutoka ukingo wa kijito, lenye uyoga wa kahawia uliopangana kama ngazi. Nililisuuza kwa maji, nikaliweka. Wiki ya tano vyura walianza kukaa ndani ya bakuli la maji mchana kutwa, miguu ya nyuma wameinyoosha, ngozi inachubuka vipande vipande. Nilikuwa nao kumi na mmoja. Wakafa saba. Kipimo kilichochukuliwa kwa pamba kutoka kwenye ngozi za waliobaki kilionyesha kitridi. Siwezi kuthibitisha kwamba lilikuwa gogo, lakini hakuna kingine kilichokuwa kimeingia kwenye lile tangi tangu miezi mingi nyuma. Nilikuwa nimeambiwa nikaushe na kuchoma mbao kwanza. Niliona haraka.

Kwa hiyo masharti ya uyoga mgumu ni haya. Utafute uliokaushwa, kwa muuzaji wa vifaa vya matangi au kutoka kwenye mti wa bustani ya mtu unayemfahamu asiyepulizia dawa. Uwe ule mgumu kama ubao, Ganoderma au Trametes. Ulio laini hautakaa wiki mbili. Uusugue kwa brashi, uuache ukauke kabisa, halafu uuweke kwenye oveni kwa joto la nyuzi 100 hadi 120, saa moja au zaidi kwa kipande kinene, na usitoke nyumbani wakati huo. Kitridi hufa kwa joto dogo sana kuliko hilo; saa zile ni kwa ajili ya mayai ya wadudu na konokono waliojificha katikati. Ukipoa, uloweke siku moja kwenye maji yaliyokaa wazi, uyamwage, kisha uubandike kwenye gogo au ukuta wa nyuma kwa kijiti, sehemu ya juu ambako hapana maji yanayodondoka. Hapo vyura watapata kibaraza, na leucomelas hupenda kupanda kuliko watu wanavyodhani. Usitegemee udumu. Katika unyevu wa asilimia 80 na kuendelea, utalainika baada ya miezi kadhaa, isopodi watautoboa, na siku moja utaporomoka. Uacheni umalizike wenyewe chini kwenye majani.

Dalili za kukuharakisha kwa daktari wa wanyama anayejua amfibia: chura kukaa majini bila kawaida yake, kuacha kula, kuchubuka ngozi mfululizo, kukaa na miguu imenyooka, au kushindwa kujigeuza ukimlaza chali. Mtenge mara moja, na kila chombo kiwe chake. Kitridi ina dawa ikiwahiwa, lakini kipimo cha dawa akitoe daktari. Wapo vyura wengi waliouawa na mkono wa mfugaji aliyesoma dozi ya mnyama mwingine. Na kila chura mpya, hata wa mfugaji unayemwamini, akae peke yake siku 60 kwenye chombo chenye karatasi ya jikoni yenye unyevu, apimwe kwa pamba, ndipo aingie.

Kinga nyingine ni jinsi mnavyotupa kile mnachokitoa tangini. Udongo wa zamani, majani, gogo lililokwisha: vifungeni kwenye mfuko na kuvitupa kwenye pipa la taka za kawaida, si la mboji, na kamwe si nyuma ya nyumba kwenye vichaka. Maji ya tangi yamwagwe chooni. Salamanda wa Essen wameshapata ya kuwatosha.

Nimemwekea mtoto sehemu yake mwisho. Uyoga unaong'aa wa kumfaa ni Panellus stipticus, kikofia cha kahawia kisichozidi sentimita tatu. Unaota Ulaya pia, lakini wa Ulaya haung'ai. Ung'aao ni wa mashariki ya Amerika Kaskazini, kwa hiyo mkiagiza mbegu hakikisheni asili yake. Tangini hauna nafasi. Kolembola wataula, na vyura hawa ni wa mchana, usiku wamelala. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mchemshe maranda ya mwaloni au vijiti vya mti mgumu, muyakamue yabaki na unyevu kama kitambaa kilichofuliwa, mchanganye na mbegu, mfunike kifuniko bila kukikaza, mweke chumbani mbali na jua. Itachukua wiki kadhaa utandu kutambaa, na utandu wenyewe hung'aa hata kabla ya kofia kutokea. Siku hiyo zimeni taa zote, mfunge mapazia, mkae gizani dakika 15 au 20 bila kuwasha simu. Mwanga wake ni wa kijani hafifu, na mara ya kwanza mtoto atasema hauoni. Mwambie atazame pembeni kidogo ya chupa, si katikati. Atauona.